Kilio Ambacho Dada Uzi Hakukisikia

Katika kiwanda chetu cha uchapaji kulikuwa na mwanamke aliyekaa meza ya mwisho, karibu na dirisha, kazi yake kushona na kujalidi vitabu. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi za ofisini tu. Sisi tulimwita Dada Uzi, kwa sababu uzi ulikuwa haumbanduki: mmoja shingoni, mwingine kidoleni, na mara nyingi kipande kimenasa kwenye nywele naye hana habari. Mimi nilikuwa kwenye mashine ya kukatia karatasi, hatua nne kutoka alipokaa. Kwa miaka kumi na mmoja nilikata, yeye akakunja, akashona, akapaka gundi mgongoni mwa kitabu na kukibana kwenye kibano cha mbao mpaka kikauke. Kitabu alichoshona yeye ungeweza kukishika jalada moja ukakitingisha, kisiachie hata ukurasa.

Mashine yangu ilikuwa na kelele za kupasua kichwa, na wote tulivaa vifuniko vya masikio. Yeye hakuvaa. Alikuwa kiziwi tangu akiwa na miaka tisa, baada ya homa iliyomlaza wiki mbili. Kwa kuwa alishajua kusema kabla ya kuacha kusikia, alizungumza vizuri tu, ila sauti yake ilipanda na kushuka bila taarifa, na siri yake aliweza kukunong'oneza ikafika mpaka ghalani. Kusikia, alisikia kwa macho. Alisoma midomo. Ukitaka kumsengenya ilibidi ugeukie ukuta, na hata hapo wengine waliapa kwamba anasoma visogo.

Aliishi na baba yake, mstaafu wa posta, katika vyumba viwili vya ghorofa ya pili. Huyo baba ndiye aliyeleta mbwa. Alimwokota angali mdogo nyuma ya ofisi za posta, sikio moja limesimama na jingine limekunjika, akamfundisha kazi moja tu: mtu akibisha mlango, mbwa aende amguse Dada Uzi gotini kwa pua, kisha amwongoze mlangoni. Wakamwita Kengele. Kwa miaka mitano Kengele hakuwahi kukaa nyumbani peke yake hata saa moja. Binti akienda kazini, mzee yupo. Mzee akienda kununua gazeti, mbwa yuko nyuma yake.

Kisha mzee aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. Nyumba ya kaka yake Dada Uzi ilikuwa ya chini, haina ngazi, kwa hiyo mzee akahamia huko. Kengele alibaki, maana ndiye aliyekuwa masikio ya mlangoni. Na kuanzia wiki hiyo, kila siku ya kazi, tangu saa moja kasoro asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, mbwa alifungiwa ndani peke yake.

Dada Uzi aliona mambo yakibadilika. Alirudi akakuta ndala imetafunwa. Siku nyingine akakuta sakafu imelowa pale mlangoni, siku nyingine godoro la mzee limefumuliwa pamba, na fremu ya mlango imekwaruzwa mpaka rangi imetoka. Alidhani mbwa ameota kiburi. Akamnyooshea kidole, akamgombeza kwa ile sauti yake isiyo na breki. Kengele akajikunyata chini ya meza, masikio yamelala. "Ona anavyojua kosa lake," aliniambia kesho yake. Nami, kwa ujinga wangu, nikakubali.

Kwenye mlango uliotazamana na wake alikuwa amehamia jirani mpya, mwokaji mikate. Mtaa mzima ulimwita Hamira, kwa sababu ya kazi yake, na kwa sababu pia alikuwa mwepesi kuumuka. Alioka usiku kucha, akarudi asubuhi Dada Uzi akiwa ndiyo kwanza anatoka, akalala mchana. Au tuseme alijaribu kulala.

Mara tatu Hamira alimsimamisha Dada Uzi kwenye ngazi. Sasa, huyu bwana alikuwa na masharubu ya kuifunika midomo yote, halafu alikuwa na tabia ya kuongea akiangalia viatu vyake. Dada Uzi aliona nywele tu zikichezacheza. Aliona aibu kumwambia mtu mgeni arudie mara ya nne na ya tano, basi alifanya kama tunavyofanya wengi tusipoelewa: akaitikia kwa kichwa, akatabasamu, akasema, "Asante sana, na wewe pia." Mara ya tatu alimwinulia kidole gumba.

Hamira alishuka ngazi akitoa moshi masikioni. "Yule mwanamke ananicheka!" alimwambia mama mwenye nyumba, aliyekaa chini. "Namwambia mbwa wake ananiua kwa kukosa usingizi, ananijibu asante!"

Jioni hiyo mama mwenye nyumba alipanda ngazi, akipumzika kila kona, akaketi kwenye kiti cha mzee. Yeye alimjua Dada Uzi tangu zamani. Alimtazama usoni na kutamka kila neno.

"Mwanangu, mbwa wako analia."

"Lini?"

"Lini! Kila siku. Ukifunga mlango tu anaanza. Anabweka, analia, anaparua mlango, mpaka saa sita, saa nane. Akichoka ananyamaza, akipata nguvu anaanza tena."

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu baba yako aondoke."

Dada Uzi alihesabu kwa vidole. Ilikuwa miezi minne. "Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua."

"Ningejuaje?"

Mama mwenye nyumba aliinamisha macho. Akapapasa mkono wa kiti. Jengo zima lilikuwa limemsikia Kengele kwa miezi minne, na kila mtu alidhani mwingine ameshamwambia mwenyewe, au kwamba mwenyewe anajua na hajali. Hata hivyo mama yule alikuwa na wapangaji wengine wa kuwaridhisha. Akampa mpaka mwisho wa mwezi unaofuata: mbwa anyamaze, au atafutiwe pengine pa kukaa.

Kesho yake Dada Uzi aliiacha simu yake juu ya kabati ikirekodi. Siku iliyofuata aliniletea kazini, wakati wa mapumziko ya chai, akaniwekea mbele ya macho. Niliona chumba, mlango, na mgongo wake mwenyewe ukitoka. Kengele alisimama akiutazama mlango. Akazunguka mara moja. Kisha akainua shingo, akafungua mdomo.

"Nimeitazama jana jioni yote," alisema. "Naona mdomo unafunguka. Dakika arobaini unafunguka. Mwenzangu, niambie analiaje."

Utamwelezaje sauti mtu ambaye mara ya mwisho kusikia sauti alikuwa mtoto? Nikamwambia, "Si kama mbwa anayembwekea mwizi. Unakumbuka mtoto akilia mpaka akasahau alichokuwa anakililia, lakini hawezi kuacha? Ndiyo hivyo."

"Nionyeshe."

"Nikuonyesheje?"

Aliuchukua mkono wangu, akaulaza mezani, kisha akaweka kiganja chake kooni pangu. Basi mimi, mama mzima mwenye wajukuu wawili, katikati ya mafurushi ya karatasi, niliinua kidevu nikalia kama mbwa. Nililia taratibu, nikafuata ile sauti ya kwenye simu, inapanda, inakatika, inaanza tena chini. Msimamizi alitokea mlangoni na kikombe chake.

"Nyinyi akina mama, kuna nini hapa?"

"Tunasikiliza," nilimwambia. Akatazama uso wa Dada Uzi, akarudi alikotoka.

Dada Uzi alikuwa amefumba macho, na machozi yanashuka. "Nami nikirudi namgombeza," alisema. "Siku nzima analia, nikirudi namgombeza."

Jumamosi nilimsindikiza kwa daktari wa wanyama, binti kijana mwenye mikono ya kukwaruzwa na paka. Alimpima Kengele, akatazama video, akatazama kucha zilizovunjika kwa kuparua. Alipogundua kwamba mteja wake hasikii, akavuta kiti mpaka mbele yake na kuweka daftari katikati, ili neno likikwama aliandike.

"Huyu si mtundu," alisema. "Ana hofu. Hajui kama utarudi. Ukimgombeza ukirudi, anaanza kuogopa kuondoka kwako na kurudi kwako pia." Akamweleza la kufanya. Amwache kwa muda ambao mbwa anaweza kuuvumilia, hata kama ni nusu dakika, kisha arudi kabla hajaanza kulia. Aongeze kidogo kidogo, na siku mbwa akishindwa arudi nyuma. Amtembeze vizuri kwanza, amwachie kitu cha kutafuna, aondoke bila maagano marefu na arudi bila shangwe. Na katika wiki hizo zote asiachwe peke yake zaidi ya pale anapoweza. "Kila siku anayolia kutwa, inabomoa ulichojenga jana."

"Nirudi kabla hajaanza kulia," Dada Uzi alirudia. "Nikiwa nje ya mlango, nitajuaje kama ameanza?"

Yule binti alikuwa ameshaanza kuandika jibu, kalamu ikasimama. "Kweli," alisema. "Itabidi uazime masikio ya mtu."

Mimi nilikaa mbali, mabasi mawili. Ndani ya jengo lile, aliyekuwepo mchana, na aliyemsikia Kengele kuliko wote, alikuwa mmoja tu. Jumapili saa kumi jioni, wakati ambao Hamira alikuwa ameamka na bado hajaenda kazini, Dada Uzi alipiga moyo konde akabisha mlango wake. Mkononi alishika karatasi na kalamu.

Hamira alifungua akiwa na fulana na uso wa vita. Nywele za juu ya mdomo zikaanza kuchezacheza.

"Subiri," Dada Uzi alisema. "Mimi ni kiziwi. Nasoma midomo, na yako siioni. Ni masharubu yako, kaka. Sijawahi kuelewa hata neno lako moja."

Hamira akayashika masharubu yake kana kwamba ndiyo kwanza anaambiwa yapo. Akachukua karatasi, akaandika: *Hata siku ile niliyosema nitamtupa mbwa wako dirishani?*

Dada Uzi alisoma. "Nilidhani unanitakia siku njema."

Hamira alicheka mpaka akaegemea mlango. Kisha kicheko kikamwishia, akajipangusa uso, akaandika tena, taratibu zaidi: *Nisamehe, dada. Nilikuita majina mabaya.*

"Hayo pia sikuyasikia," alisema.

Waliandikiana karatasi nzima, mbele na nyuma. Mwisho wake, Hamira alikubali mambo mawili. Kwanza, siku za kazi, Kengele angelala chumbani kwake wakati naye amelala, kwa sababu mbwa akiwa na mtu hana tatizo. Kwa hilo alitoa masharti: asipande kitandani, asimlambe, asinusenuse viatu vyake vya kazi. Pili, kila jioni saa kumi na moja na nusu, kabla hajaenda kuoka, angekuja kusikiliza mlangoni kwa nusu saa.

Jumatatu alikuja tayari kusikiliza, na Dada Uzi akasimama mlangoni mdomo wazi. Masharubu yalikuwa yamepunguzwa mpaka juu ya mdomo. Midomo yenyewe ilikuwa miembamba na ya aibu kidogo, kama kitu kilichotolewa kabatini. "Sasa?" alisema Hamira. "Nasomeka?"

"Kama gazeti," alisema Dada Uzi.

Mazoezi yenyewe hayakuwa na raha ya kutazamwa. Kengele alikuwa akitetemeka hata kabla mtu hajatoka. Alitetemeka akiona mkoba, akiona viatu, funguo ndiyo kabisa. Basi wiki ya kwanza, jioni hizo za mazoezi, Dada Uzi hakwenda kokote. Alivaa mkoba akaosha vyombo nao. Alichukua funguo, akaketi nazo akitazama nje. Alivaa viatu vya kazi, akafagia, akavivua. Mama mwenye nyumba alichungulia akamkuta amekaa kitandani na mkoba begani, funguo mkononi, anakula ndizi. "Unatoka?" alimuuliza. "Hapana, Mama. Nipo nipo tu." Yule mama alishuka akiwa na wasiwasi kwamba mbwa si mgonjwa peke yake.

Mkoba ulipokuwa mkoba tu, wakaanza mlango. Dada Uzi alitoka, akafunga, akasimama kwenye ngazi. Hamira aliweka sikio kwenye ubao, mkono mmoja juu. Mkono ukiwa umefunguka, kimya. Akikunja kidole kimoja, mbwa anahema kwa nguvu. Akikunja ngumi, anaanza kulia, rudi haraka. Siku ya kwanza ngumi ilikunjwa baada ya pumzi tano. Siku ya nne walifika nusu dakika. Kulikuwa na siku walishindwa hata kufika pumzi tano, na Hamira akaenda kazini amenuna kana kwamba yeye ndiye aliyeshindwa mtihani.

Kuhusu yale masharti yake matatu, la kitandani lilivunjika Jumatano. Dada Uzi alirudi kazini, akafunguliwa mlango na mtu mwenye usingizi, na nyuma yake akamwona Kengele amelala chali juu ya blanketi. "Aliomba," alisema Hamira. Hakusema mbwa aliomba kwa lugha gani.

Sasa pakatokea jambo la kuchekesha ambalo baadaye halikuchekesha. Jengo lilikuwa kimya kutwa, kwa kuwa Kengele alikuwa na Hamira. Mama mwenye nyumba akadhani mambo yamekwisha. Alimpongeza Dada Uzi kwenye ngazi, akawaambia wapangaji wengine kwamba mbwa ametibiwa na daktari bingwa. Dada Uzi alitaka kumsahihisha, akamwangalia Hamira, Hamira akaangalia viatu vyake. Wakaacha. Siku ya mwisho wa mwezi ikapita, hakuna aliyeuliza kitu.

Katika wiki ya sita walikuwa wamefika dakika kumi na mbili. Alhamisi moja, mwokaji wa zamu ya asubuhi akaugua na Hamira akaambiwa abaki kazini mpaka mchana. Alimtumia Dada Uzi ujumbe saa moja kasoro robo, yeye akiwa tayari amevaa. Kazini tulikuwa na kitabu cha kurasa mia sita cha kumalizia siku hiyo, na hakuna mkono mwingine wa kukishona. Alinipigia mimi, yaani alinitumia ujumbe, lakini nilikuwa tayari nipo kwenye basi na simu iko mkobani. Alisimama mlangoni akimtazama Kengele. Alijiambia kwamba labda. Dakika kumi na mbili ni nyingi. Labda zikipita hizo, zinazobaki zitajipita zenyewe.

Akamwachia mfupa. Akatoka.

Saa nne asubuhi simu yake ilitetemeka mezani. Alisoma, akasimama, akaacha sindano imening'inia kwenye uzi. Sijawahi kumwona akiacha kazi katikati.

Kengele alikuwa amelia mpaka sauti ikakauka, kisha akarukia dirisha la jikoni. Kioo kilipasuka, naye akachanika mguu wa mbele. Mama mwenye nyumba alisikia kioo, akapanda na ufunguo wa akiba. Dada Uzi alipofika alimkuta yule mama, ambaye siku zote aliwafukuza mbwa kwa ufagio, amekaa sakafuni na miguu yake ya kuvimba, kichwa cha Kengele kiko mapajani mwake, na mguu umefungwa kwa taulo zuri la wageni. Damu ilikuwa ukutani kimo cha goti.

"Mlinidanganya," alisema mama mwenye nyumba, na alilitamka vizuri ili lisomeke.

"Ndiyo, Mama."

"Mbwa hajapona."

"Bado."

"Sasa mwandikie daktari ujumbe. Mimi siwezi kuinuka, ananilalia."

Mguu ulishonwa nyuzi tisa. Jioni, Kengele akiwa kwa mama mwenye nyumba, Dada Uzi alikwenda kwa kaka yake kumwona mzee. Alimkuta kitandani, magongo yameegemezwa ukutani, redio kifuani. Aliketi ukingoni mwa kitanda na kumwambia yote, na mwisho akasema, "Nimeshindwa, Baba. Nitamtafutia watu wenye uwanja, watu wanaoshinda nyumbani. Mimi hata kumsikia simsikii."

Mzee alizima redio. Akamgusa mkono ili amtazame mdomoni.

"Unakumbuka siku niliyokupeleka shule ya bweni?"

Alikumbuka. Alikuwa na miaka kumi, mwaka mmoja baada ya homa. Alikumbuka chumba chenye picha za wanyama ukutani, na mwanamke aliyemwonyesha picha ya twiga. Alipogeuka, baba hayupo.

"Mwalimu aliniambia nitoke ukiwa umegeuka," alisema mzee. "Alisema ukiniona naondoka utalia. Nikatii. Nilikaa siti ya nyuma ya basi sikuthubutu kutazama dirishani. Shule ilikufaa, sijutii kukupeleka. Najutia kutoka kwa kunyata. Ungeniona naondoka, na ungeniona narudi Ijumaa, ungeelewa. Wewe ulijua tu kwamba watu wanatoweka." Akaweka redio kando. "Ulilia sana?"

"Nililia. Nilijua kwa sababu koo liliniuma."

Kaka yake aliingia na chai, akawaona, akaweka vikombe chini akatoka. Ndipo mzee akasema, "Mbwa huwezi kumweleza kwa maneno, binti yangu. Mwonyeshe. Ondoka, rudi. Ondoka, rudi. Usinyate."

Alirudi nyumbani na basi la saa mbili. Jumamosi, mguu wa Kengele ukiwa na bandeji, walianza tena kutoka pumzi tano.

Mimi nililia na msimamizi, mara hii kwa kubembeleza. Nilimwambia kushona hakuhitaji mashine, kunahitaji mikono na meza, na meza hata nyumbani ipo. Alikuna kichwa siku mbili, mwisho akakubali Dada Uzi achukue kurasa zilizokunjwa akashonee nyumbani Jumanne na Alhamisi, mradi zirudi safi. Ziliporudi mara ya kwanza, kulikuwa na unyoya mmoja wa mbwa umeshonewa ndani ya mgongo wa kitabu. Nilijifanya sijauona. Mama mwenye nyumba akachukua Ijumaa. Alisema ni kwa ajili ya kulinda vioo vyake, lakini Ijumaa hizo alipika nyama na kusahau kuimaliza.

Bandu bandu, huisha gogo. Dakika kumi na mbili zilirudi baada ya wiki tano. Ishirini zikachukua wiki mbili nyingine, na kutoka ishirini kwenda arobaini kukawa kugumu kuliko yote. Palikuwa na siku Dada Uzi aliketi kwenye ngazi akitazama ule mkono wa Hamira mpaka akauota usingizini. Halafu, kwa sababu ambayo daktari aliieleza na mimi sikuielewa vizuri, baada ya arobaini mambo yakalegea. Saa nzima. Saa mbili. Siku moja Hamira alikunja kidole kimoja, akasikiliza, akakikunjua, akasema kwa midomo bila sauti: anakoroma.

Sitaki kudanganya kwamba Kengele alipona akawa kama mbwa wengine. Radi ikipiga bado lazima awe na mtu. Siku za kazi Dada Uzi hurudi saa sita na baiskeli, humtembeza, hurudi kwetu na jasho na dakika tano za kula. Baada ya wiki moja ya kukaa kwa kaka yake kumuuguza mzee walianza tena kutoka nusu saa. Na Hamira, tangu apate usingizi wa kutosha, amekuwa mtu wa kusalimia, jambo ambalo limewatia wasiwasi wapangaji wengine.

Lakini kuna Jumapili moja ambayo nilikuwepo. Msimamizi wetu alistaafu, tukamfanyia chakula cha mchana. Kwa zaidi ya mwaka Dada Uzi alikuwa haji kwenye shughuli yoyote. Alituma zawadi na udhuru. Siku hiyo alikuja. Alikaa mwanzo hadi mwisho, akasoma midomo ya wahutubiaji wote, akawacheka waliokosea. Nilimwona akiangalia saa mara nyingi, kisha mara chache, kisha akasahau. Tulipotoka aliniomba twende pamoja mpaka kwake.

Hamira alikuwa safarini, na mama mwenye nyumba kwa binti yake. Hapakuwa na mtu wa kusikiliza mlango. Ningeweza kuweka sikio mimi, lakini aliniashiria nimwache. Alipanda ngazi mbili za mwisho taratibu, akaweka kiganja juu ya ubao wa mlango, chini kidogo ya kitasa, na kukaa hivyo. Ubao haukutetemeka. Akafungua.

Kengele alikuwa amelala ubavu juu ya zulia, pale panapopigwa na jua la alasiri. Aliinua kichwa. Akapiga mkia mara mbili sakafuni, akatuangalia kama watu waliopita njia, akarudisha kichwa chini.

Dada Uzi alisimama na mkoba begani. "Masaa manne," aliniambia, na sauti yake ikapanda mpaka nadhani ilisikika barabarani. "Nimekaa nje masaa manne, huyu bwana hajaona hata haja ya kuinuka!"

Alijaribu kununa, uso ukakataa. Akavua viatu, akaenda jikoni kuweka maji ya chai.